Sikukuu ya Shukrani mjini Athens, Georgia: mwongozo kamili, kuanzia friza hadi supu ya Ijumaa

Athens ni mji wa chuo. Chuo Kikuu cha Georgia kilipewa hati yake mwaka 1785, na mji ukakua ukikizunguka. Wanafunzi wakiwepo, mji una kelele, wakiondoka, unanyamaza. Ikifika Jumatano ya wiki ya Sikukuu ya Shukrani, Thanksgiving wanavyoiita wenyewe, vijana wanafungasha mabegi, barabara ya 316 kuelekea Atlanta inajaa magari, na migahawa ya karibu na chuo inafunga mapema. Mwenzetu aliyetoka Dodoma, Kisumu au Bukavu anabaki chumbani na pakiti ya tambi, akidhani sikukuu hii haimhusu.

Inamhusu. Hii ni sikukuu ya nyumbani. Haina gwaride la kijeshi wala ibada ya lazima, na zawadi hazinunuliwi. Watu wanakaa mezani, wanakula, wanashukuru. Kwa hiyo asiye na nyumba ya kwenda ana njia mbili: akubali mwaliko, au afungue mlango wake awaalike wengine. Zote mbili zinawezekana hata kwa mgeni, na ukiichunguza meza ya watu wa Kusini mwa Marekani utakuta unaijua kuliko ulivyodhani: unga wa mahindi, viazi vitamu, karanga, majani ya sukuma wiki. Si bahati tu. Jiko la Kusini lilijengwa kwa sehemu kubwa na mikono ya Waafrika waliopelekwa huko utumwani na vizazi vyao. Bamia na kunde zilivuka bahari kutoka Afrika, na hata karanga, ambayo asili yake ni Amerika Kusini, ilifika mashamba ya huko kwa njia ya Afrika.

Nitaanza na aliyealikwa, kisha nihamie kwa mwenyeji. Jikoni nitakaa sana, maana ndiko watu wanakoharibikiwa.

Siku yenyewe

Ni Alhamisi ya nne ya Novemba, kwa hiyo huangukia kati ya tarehe 22 na 28. Rais Abraham Lincoln aliitangaza kuwa siku ya taifa mwaka 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, baada ya mhariri Sarah Josepha Hale kuipigania kwa miaka mingi. Kwa sababu hiyo watu weupe wengi wa Kusini waliiona kwa muda mrefu kuwa sikukuu ya watu wa Kaskazini, na walichelewa kuikumbatia. Tarehe tunayoifuata leo iliwekwa kwa sheria mwaka 1941.

Watoto shuleni husimuliwa karamu ya mwaka 1621 kule Plymouth, Massachusetts, walowezi wa Kiingereza wakila pamoja na Wawampanoag, wenyeji wa asili wa eneo hilo. Ni vizuri ujue pia kwamba tangu mwaka 1970 wazawa wa Marekani hukusanyika Plymouth siku hiyohiyo kuomboleza, na kwamba ardhi ya Georgia ilikuwa ya Wamuskogee na Wacheroki kabla ya kufukuzwa. Huna haja ya kulifungua jambo hili mezani kwa mtu usiyemfahamu, lakini akilitaja yeye, usishangae.

Ukialikwa

Kwanza, mwaliko unatafutwa. Katika miji ya vyuo, makanisa, walimu na vikundi vya kuwapokea wageni huwapangia wanafunzi wa kigeni familia za kula nazo. Majina huandikwa mapema, kwa hiyo mwanzoni mwa Novemba nenda ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ukaulize. Usingoje Jumatatu ya wiki yenyewe. Na mwanafunzi mwenzako akikwambia twende kwetu Macon au Savannah, anamaanisha. Kwetu mtu hukataa mara ya kwanza kwa adabu akingoja abembelezwe. Huku ukisema hapana, wataamini ni hapana. Itikia papo hapo.

Ukiitikia, sema mara moja usichokula. Hili wengi huona haya kulisema, na mwenyeji huumia zaidi akigundua mgeni ameshinda njaa mezani kwake. Kwa Mwislamu, nguruwe wa Kusini hajifichi kwenye nyama peke yake. Majani ya kijani hupikwa na mfupa wa nguruwe aliyekaushwa kwa moshi, maharage mabichi huwekwa vipande vya bekoni, gamba la pai pengine limekandwa kwa mafuta ya nguruwe, na zile peremende laini nyeupe juu ya viazi vitamu, mashimelo, huwa na jelatini ambayo mara nyingi ni ya nguruwe. Uliza hivi: "Naomba uniambie ni vyakula vipi havina nguruwe, nami nitaleta kimoja changu." Hakuna mama wa Georgia atakayechukia swali hilo. Wengi wataweka bata mzinga wa moshi badala ya nguruwe ili mgeni ale.

Uulizapo ulete nini, utajibiwa usilete kitu. Leta. Sahani ya mahamri au mandazi yanayolika hata yakipoa, bakuli la kachumbari, au pilau ndani ya chombo kinachotunza moto. Usilete chakula kinachohitaji oveni, kwa sababu saa hiyo oveni ya mwenyeji haina nafasi hata ya yai. Andika jina lako kwenye kibandiko chini ya chombo.

Fika kwa saa uliyoambiwa au dakika kumi baadaye, usiwahi. Karamu yenyewe ni ya mchana, aghalabu saa saba hadi saa tisa. Usitegemee basi la mji siku hiyo. Omba kuchukuliwa na gari, ni ombi la kawaida kabisa. Mwanamke aliyekuzidi umri muite kwa "Miss" na jina lake la kwanza mpaka akuambie vingine, na jibu la swali la mkubwa ni "yes, ma'am" au "yes, sir". Watoto wa Kusini wanalelewa hivyo, na mtu aliyefunzwa kuamkia wakubwa shikamoo hatapata taabu kulielewa.

Kabla ya kula, familia nyingi hushikana mikono na mmoja kuomba. Kama si dini yako, simama nao kwa utulivu, inatosha. Baada ya hapo huenda kila mtu akasema anachoshukuru. Andaa sentensi mbili tangu nyumbani: moja ya watu wako wa mbali, moja ya watu uliokaa nao. Zamu ikifika kwako meza nzima itakutazama, na ni vigumu kufikiri ukitazamwa hivyo.

Jipakulie kidogo kidogo kwenye mzunguko wa kwanza, uonje kila kitu, kisha urudi. Kurudi ndiko sifa anayoitaka mpishi. Mazungumzo yakitafuta njia, uliza nani alimfundisha mwenyeji kupika kile ulichopenda. Hapo utasimuliwa habari za ukoo mzima. Ukiwa na wazee wenyeji wa Athens, waulize pia kuhusu Januari 1961, Charlayne Hunter na Hamilton Holmes walipoingia chuoni wakiwa wanafunzi wa kwanza weusi, huku umati ukifanya fujo nje ya bweni la Hunter. Wapo wanaokumbuka. Sikiliza, usiwakatize.

Baada ya chakula, ingia jikoni ukaoshe vyombo hata wakikuzuia. Lakini kikaango cheusi cha chuma usikiguse bila kuuliza. Kikaango hicho pengine kilikuwa cha bibi yake, na weusi wake wa kung'aa ni mafuta yaliyookwa juu ya chuma kwa miaka mingi. Ukikiloweka kwenye sinki kitashika kutu, ukikisugua kwa steliwaya utautoa ule ung'avu. Kinapanguswa, kinakaushwa juu ya moto, kinapakwa mafuta kidogo. Basi.

Utafungashiwa chakula kwenye foili. Kipokee. Na kabla wiki haijaisha, peleka kadi ya shukrani iliyoandikwa kwa mkono. Ujumbe wa simu unapokelewa, lakini kadi itasimama juu ya rafu ya sebule yao mpaka Krismasi.

Ukiwa mwenyeji: wiki mbili kabla

Hesabu watu kwanza, kisha nunua bata mzinga kwa kipimo cha pauni moja hadi moja na nusu kwa kila mtu, maana mifupa nayo inapimwa. Kwa watu kumi, pauni 14 zinatosha, ambazo ni kilo sita na ushee. Wiki hizo maduka makubwa hushusha sana bei ya bata mzinga waliogandishwa ili kuvuta wateja, kwa hiyo huyu si ndege wa matajiri. Kabla ya kulipa, pima kwa macho kama ataingia kwenye friji yako na kwenye oveni yako. Oveni za vyumba vya wanafunzi ni ndogo. Kama hatoshi, nunua mapaja na vidari peke yake; vinapikika haraka na hakuna atakayelalamika.

Anayetaka wa halali aagize mapema katika maduka ya nyama ya halali upande wa Atlanta. Clarkston, mji mdogo nje ya Atlanta uliopokea wakimbizi wengi wakiwemo Wakongo, una maduka ambamo utasikia Kiswahili kwenye foleni, na Decatur jirani yake kuna soko kubwa la DeKalb lenye vyakula vya dunia nzima. Safari moja ya huko, kama kilomita mia moja kutoka Athens, inamaliza mahitaji yote: bata, viungo vya pilau, ndizi.

Soma lebo ya bata. Ikiwa imeandikwa kwamba ametiwa maji ya chumvi kiwandani, na wengi wametiwa, usimpake chumvi nyingine ila kidogo ya juu juu.

Unga nao unataka macho. Maduka ya Kusini huuza unga wa mahindi wa aina mbili ndani ya pakiti zinazofanana. Mmoja ni mahindi matupu. Mwingine, ulioandikwa "self-rising", umeshachanganywa na bekin pauda na chumvi. Huo wa pili unafaa kwa mkate wa mahindi, ila ukiusongea ugali utapata kitu cha ajabu. Chukua mtupu, utafanya kazi zote mbili.

Nunua pia kipimajoto cha nyama. Si ghali, na bila hicho unabahatisha. Maliza manunuzi ifikapo Jumanne, kwa sababu Publix na Walmart hufungwa Alhamisi yenyewe, na Jumatano jioni foleni za maduka mengine hazisogei.

Jumapili: mtoe kwenye friza

Hapa ndipo sikukuu za watu wengi zinapokufa. Bata mzinga mzima anayeyuka ndani ya friji kwa mwendo wa saa 24 kwa kila pauni nne au tano. Huyo wa pauni 14 anahitaji siku tatu na zaidi. Mweke Jumapili asubuhi, ndani ya sinia lenye kina, rafu ya chini kabisa, ili maji yake yasidondokee mboga. Jumatano atakuwa tayari, na anaweza kukaa hapo siku nyingine moja bila kuharibika.

Usimwache mezani jikoni usiku kucha ayeyuke. Nje anapata joto, ndani bado barafu, na bakteria wanaongezeka ngozini wakati wewe umelala. Ukiwa umesahau mpaka Jumatano, mzamishe kwenye maji baridi akiwa ndani ya plastiki isiyovuja, nusu saa kwa kila pauni, na ubadilishe maji kila nusu saa. Kwa pauni 14 ni saa saba za kusimama karibu na sinki, na akishayeyuka kwa njia hiyo apikwe mara moja.

Na usimwoshe. Najua kwetu nyama huoshwa kwanza, kwa limau na siki, na mama atauliza. Maji yanayoruka kutoka kwenye sinki hutawanya vijidudu hadi kwenye kachumbari. Mpanguse kwa karatasi za jikoni; moto ndio utakaoua vijidudu.

Jumanne: mkate wa mahindi

Kaskazini hujaza mkate ndani ya tumbo la bata. Kusini hupika mchanganyiko wa mkate wa mahindi kwenye chombo peke yake, huita "dressing", na ukiniuliza mimi, hicho ndicho chakula chenyewe cha siku hiyo. Bata ni heshima tu. Mkate wake unapikwa siku mbili kabla ili ukauke na unywe supu vizuri.

Washa oveni nyuzi 425 za Fahrenheit (zipatazo 220 za Selsiasi) ukiwa umeweka kikaango cha chuma ndani, chenye robo kikombe cha mafuta au siagi. Changanya vikombe viwili vya unga wa mahindi, vijiko vidogo viwili vya bekin pauda, nusu kijiko kidogo cha bekin soda na kijiko kidogo kimoja cha chumvi. Pembeni piga mayai mawili na kikombe kimoja na robo tatu cha mtindi. Unganisha, toa kikaango kilichochemka, mimina uji huo uusikie ukichachatika, kisha rudisha ndani dakika 20 hadi 25. Ule mchachatiko ndio unaofanya gamba la chini liwe kahawia na gumu. Sukari? Nyumba nyingi hazitii hata chembe, nyingine hutia, na watu wanabishania jambo hili kwa dhati. Kwa ajili ya "dressing", usitie.

Jumatano: yote yasiyohitaji kuwa ya moto

Asubuhi mpake bata chumvi kama lebo imekuruhusu: kijiko kikubwa kimoja cha chumvi ya chenga kwa kila pauni tano, na pilipili manga, ndani na nje. Mrudishe kwenye friji bila kumfunika, ili ngozi ikauke. Ndivyo inavyokauka vizuri kwenye oveni. Ndani ya tumbo na upande wa shingo utakuta kifuko chenye maini, firigisi na moyo, na shingo yenyewe. Vitoe. Kila mwaka kuna mtu anayemwoka bata na mfuko wake. Shingo na firigisi zichemshe na kitunguu, karoti na seleri kwa saa mbili: hiyo ndiyo supu utakayoitumia kesho.

Majani yanayouzwa huko kwa jina la "collards" ni ukoo mmoja na sukuma wiki, ila mazito zaidi. Ukienda soko la wakulima la Bishop Park Jumamosi ya kabla yake utayapata yamefungwa mafungu makubwa yenye umande. Yaoshe maji matatu, mchanga wake ni mkaidi. Toa uti wa kati, kunja majani, katakata. Kisha acha mazoea ya kukaanga dakika tano: haya huchemshwa taratibu saa nzima au zaidi, pamoja na paja la bata mzinga wa moshi, kitunguu, pilipili kavu na kijiko cha siki. Maji yake yanayobaki ni matamu, huchovewa mkate wa mahindi, usiyamwage. Yakilala usiku mmoja yanazidi kunoga.

Viazi vitamu vioke na maganda yake, vimenye, viponde na siagi, sukari ya kahawia, mdalasini na kungumanga kidogo, vitandaze kwenye chombo cha kuokea. Juu yake, badala ya mashimelo, tandaza njugu za pikani zilizochanganywa na siagi na sukari. Georgia inaongoza Marekani kwa karanga na ni miongoni mwa majimbo yanayoongoza kwa pikani, kwa hiyo ni bidhaa ya nyumbani. Pai ya pikani waweza kuinunua, si aibu. Jeli ya kranberi hutoka kwenye kopo, na wengi wanaitaka ikiwa bado na mistari ya kopo ubavuni.

Makaroni ya jibini hayakosekani katika nyumba za Kusini, hasa za watu weusi, na hayapewi mtu yeyote tu kuyapika. Kama umemwalika rafiki anayejulikana kwa makaroni, mwachie yeye kazi hiyo.

Nawe ongeza cha kwetu. Pilau inakaa vizuri kabisa pembeni ya bata, na kachumbari inakata mafuta ya siagi yote hiyo. Pika pilau Alhamisi juu ya jiko, si kwenye oveni.

Alhamisi

Tuseme mnakula saa nane mchana. Saa mbili na nusu mtoe bata kwenye friji. Saa tatu washa oveni nyuzi 325 (kama 163 za Selsiasi). Mpake siagi au mafuta, mweke kidari juu kwenye sinia la kuokea, tia vikombe viwili vya maji chini. Saa tatu na nusu aingie. Ndege wa pauni 14 asiyejazwa kitu huchukua takriban saa tatu hadi tatu na robo tatu. Usifungue mlango kila mara, joto linatoroka. Ngozi ikikolea rangi mapema, funika kidari kwa foili.

Kuanzia saa sita na nusu pima. Choma kipimajoto sehemu nene ya kidari, kisha ndani kabisa ya paja bila kugusa mfupa. Kote kote kisome nyuzi 165, yaani 74 za Selsiasi. Rangi ya nyama isikudanganye, wala kile kidude cha plastiki alichochomekwa bata kiwandani, kinachochomoza chenyewe kuashiria ameiva. Ukikwama kabisa, kampuni ya Butterball ina simu ya msaada kwa wapishi wa bata mzinga tangu mwaka 1981, na watu hupiga kwa maelfu bila haya.

Akiiva mtoe, mfunike kwa foili kilegelege, mwache apumzike nusu saa hadi dakika 40. Juisi zinatulia ndani ya nyama, na oveni inakuwa huru. Sasa ndiyo zamu ya "dressing".

Mchanganyiko wake uwe umeuandaa asubuhi. Vunjavunja mkate wote wa mahindi kwa vidole pamoja na vipande vinne vya mkate mweupe uliochacha kidogo. Kaanga vitunguu viwili na mabua manne ya seleri kwenye siagi mpaka vilegee. Tia juu ya mkate, na vijiko vidogo viwili vya seji kavu (majani ya kiungo), pilipili manga, kisha supu, vikombe vinne hivi, kidogo kidogo. Mama mmoja wa kanisani aliyenionyesha kazi hii hakuwa na kipimo. Aliingiza mkono wote ndani ya beseni, akabana, akatazama supu ikipenya kati ya vidole vyake, akasema, "Not yet, baby," akaongeza upawa mmoja. Unataka ulegevu wa uji mzito. Ukiwa mkavu sasa, utatoka mkavu zaidi. Onja chumvi kabla ya kutia mayai, maana baadaye huonji tena kitu chenye mayai mabichi. Tia mayai matatu yaliyopigwa, mimina chomboni, oka nyuzi 375 (190 za Selsiasi) kwa dakika 40 hadi 45, mpaka juu pawe kahawia na katikati pasichezecheze. Viazi vitamu viingie pembeni yake.

Wakati huo pika rojo: yachuje yaliyodondoka kwenye sinia, ondoa mafuta yaliyozidi, kaanga vijiko vinne vikubwa vya mafuta hayo na vinne vya unga wa ngano mpaka viwe hudhurungi, mimina vikombe vitatu vya supu ukikoroga bila kupumzika.

Kuhusu kumkaanga bata mzima ndani ya mafuta ya karanga, jambo wanalolipenda sana Kusini: ni tamu kweli, dakika tatu hadi nne kwa kila pauni katika mafuta ya nyuzi 350. Lakini bata mwenye barafu au maji akiingia kwenye mafuta hayo, yanafurika na kuwaka. Hufanywa nje, uwanjani, mbali na nyumba na gari, na mtu aliyeshafanya. Kwenye baraza ya ghorofa hairuhusiwi. Mwaka wako wa kwanza, tumia oveni.

Mezani na baadaye

Vyakula vipangwe kwenye kaunta, kila mtu ajipakulie, wazee na wenye watoto wadogo wakitangulia. Watoto huwekewa meza yao. Andika vikaratasi: hiki kina karanga, hiki hakina nyama. Chai baridi yenye sukari nyingi iwe kwenye mtungi mkubwa, na iliyo bila sukari pembeni. Acha kiti kimoja au viwili vya ziada, kwa sababu Athens siku hiyo lazima kuna mwanafunzi atakayetajwa dakika ya mwisho kwamba amebaki peke yake, na mtu ataenda kumchukua.

Runinga huwashwa tangu asubuhi kwa gwaride la sherehe la duka la Macy's la New York, lililoanza mwaka 1924, kisha futiboli ya Kimarekani: Detroit Lions hucheza siku hii tangu 1934, Dallas Cowboys tangu 1966. Ila mapenzi ya Athens yapo kwenye mechi ya timu ya Chuo Kikuu cha Georgia na ya Georgia Tech, chuo cha Atlanta, ya Ijumaa au Jumamosi ya wikendi hiyohiyo, uhasama ulioanza mwaka 1893. Miaka shufwa huchezwa uwanja wa Sanford, ambao una ua wa miti pembeni mwa nyasi. Miaka witiri huchezwa Atlanta. Mwaka 2024 ilifika vipindi vinane vya nyongeza kabla Georgia haijashinda 44 kwa 42, na watu bado wanausimulia usiku ule. Mwaka wa mechi ya nyumbani, nunua mahitaji ya wikendi mapema na usipange kuendesha gari katikati ya mji.

Usisahau saa. Ndani ya saa mbili tangu vyakula vitolewe, vyote virudi baridi. Nyama itoe kwenye mifupa, igawe kwenye vyombo vidogo visivyo na kina ipoe haraka. Friji itaitunza siku tatu hadi nne. Wafungashie wageni, nunua vyombo vya kutupa kwa ajili hiyo.

Mifupa ibaki kwako. Ijumaa asubuhi ivunje, itie kwenye sufuria kubwa na tangawizi, vitunguu saumu, pilipili mbuzi na ndimu, chemsha saa mbili au tatu, chuja. Rudishia nyama iliyobaki na viazi mviringo. Ni supu ya kweli, ya kunywa na chapati, na inatosha nyumba nzima mpaka mechi ianze. Inayozidi igandishe kwenye mifuko ya vikombe viwili viwili, uandike tarehe.